Mkao na Udhibiti juu ya Farasi Mwepesi

Farasi mwepesi, yaani yule anayehisi mguso mdogo kabisa na ambaye hamu yake ya kwenda mbele haihitaji kuchochewa, mara nyingi hulaumiwa kwa makosa ambayo asili yake iko juu ya mgongo wake. Mpandaji anayekutana naye kwa mara ya kwanza hudhani kwamba kinachokosekana ni nguvu ya kumzuia, kwa hiyo hutafuta lijamu kali zaidi, yaani chuma kinachokaa kinywani mwa farasi, na huvuta kwa nguvu zaidi vigwe, yaani kamba za ngozi zinazotoka kwenye chuma hicho hadi mikononi mwake. Na kadiri anavyovuta, ndivyo mnyama anavyokaza shingo na kuongeza kasi. Udhibiti wa farasi wa namna hiyo huanzia kiunoni, mapajani na katika pumzi ya mpandaji, na mikono, ambayo wengi huitegemea kwanza, inapaswa kuwa ya mwisho kusema.

Suala hilo linaweza kuonekana geni Lubudi, mji wa reli na saruji katika mkoa wa Lualaba, ambako mtu anaweza kuishi miaka mingi bila kumwona farasi hata mmoja. Ugeni huo una historia yake. Bunkeya, makao ya Mwami Msiri, ambayo leo imo katika eneo la utawala la Lubudi, ilikuwa katika karne ya 19 kituo kikubwa cha misafara, lakini bidhaa zake, ziwe shaba, chumvi, pembe za ndovu, nguo au baruti, zilisafiri juu ya vichwa na mabega ya watu; hata msafara wa Kapteni William Stairs, ulioondoka Bagamoyo Julai 1891 na kufika Bunkeya Desemba ya mwaka huohuo, ulitegemea mamia ya wapagazi. Kilichomzuia farasi ni mbung'o, inzi anyonyaye damu ambaye huwaambukiza wanyama vimelea viletavyo nagana, ugonjwa ulio ndugu wa malale ya binadamu, na farasi ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika vibaya zaidi. Penye baridi na nyasi zilizo wazi, kama kwenye nyanda za juu za Biano, mbung'o hapati kivuli anachokihitaji, na ndiyo maana ufugaji mkubwa wa ng'ombe uliweza kuanzishwa huko enzi za Wabelgiji. Lubumbashi nako kuna klabu ya wapanda farasi, na kwa mtu wa Lubudi anayetaka kujifunza, au anayetafuta kazi ya usaisi, yaani utunzaji wa farasi, njia ya karibu zaidi huelekea huko.

Pwani mambo yalikuwa tofauti, kwa kuwa masultani wa Unguja walikuja na desturi za Omani, nchi ambayo farasi wa Kiarabu ni sehemu ya heshima ya familia. Mwaka 1840 merikebu Sultana ya Seyyid Said bin Sultan, iliyomchukua mjumbe wake Ahmad bin Naaman, ilitia nanga New York ikiwa na farasi wawili wa Kiarabu miongoni mwa zawadi zilizokusudiwa Rais Martin Van Buren. Binti wa sultani huyo, Salme, ambaye baadaye alijulikana kama Emily Ruete, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 jinsi watoto wa ikulu, wavulana kwa wasichana, walivyofundishwa kupanda tangu wakiwa wadogo. Huko Omani kwenyewe desturi haijafa: maonyesho ya farasi na ngamia yaitwayo ardha, yaliyoandikwa mwaka 2018 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika, huwaonyesha wapandaji wakienda kasi sambamba huku wameshikana, na wengine wakisimama wima juu ya migongo ya wanyama wao. Anayewatazama hana budi kukiri kwamba mtu aliyesimama hivyo hawezi kuning'inia kwenye vigwe, na kwamba kinachomweka juu ni mizani ya mwili wake.

Ili kuelewa kwa nini mizani hiyo ina uzito mkubwa kuliko nguvu za mikono, ni lazima kwanza kumwelewa farasi mwenyewe. Huyu ni mnyama aliyenusurika kwa kukimbia. Macho yake yamekaa pembeni mwa kichwa, hivyo huona karibu pande zote kwa wakati mmoja, isipokuwa sehemu ndogo iliyo nyuma yake na nyingine iliyo mbele ya paji la uso. Ngozi yake ina msuli mwembamba chini yake unaomwezesha kumtikisa inzi mmoja aliyetua ubavuni. Na akishtuka, miguu huondoka kwanza, kisha ndipo hugeuka kutazama kilichomshtua. Mnyama anayehisi uzito wa inzi hawezi kukosa kuhisi mtu wa kilo 70 anayepumua, anayekaza misuli, anayeegemea upande mmoja au anayebana magoti. Farasi mzito wa hisia hupuuza sehemu kubwa ya habari hizo. Farasi mwepesi hazipuuzi hata moja, na hapo ndipo ugumu wake unapozaliwa, kwa sababu huitikia pia zile ambazo mpandaji hajui kwamba amezituma.

Mtu akimtazama kwa ubavu mpandaji aliyeingiwa na wasiwasi juu ya farasi wa aina hii, ataona mfululizo uleule ukijirudia. Farasi huharakisha kidogo. Mpandaji huinamisha kifua mbele, jinsi mwili wa binadamu unavyojikunja ukiogopa. Magoti hubana tandiko. Kwa kuwa magoti yamebana, makalio huinuka na visigino hupanda juu, na sehemu ya chini ya mguu hurudi nyuma ikagusa mbavu, mahali palepale ambapo farasi amefundishwa kwamba akiguswa aende. Mikono nayo, ikitafuta kitu cha kushikilia, huvuta. Kwa hiyo katika muda wa hatua mbili mnyama amepokea uzito uliosogea mbele, ambao humlazimisha kuharakisha ili abaki chini yake, amepokea visigino vinavyomwambia aende, na amepokea maumivu kinywani ambayo silika yake humwambia ayakimbie. Akiongeza kasi anaitwa mkaidi, ilhali ametii karibu kila alichoambiwa.

Marekebisho huanza na mifupa miwili ya makalio, ile ambayo mtu huihisi akikaa juu ya benchi la mbao. Mifupa hiyo inatakiwa ibebe uzito sawasawa, kulia na kushoto, huku nyonga zikiwa wima, mgongo ukiwa na urefu wake wa kawaida bila kubinuka, na mapaja yakining'inia kutoka kwenye nyonga. Anayesimama pembeni anapaswa kuona mstari mmoja ulionyooka ukipita sikioni, begani, nyongani na kwenye kisigino cha mpandaji. Jambo hili ni la kale mno: Ksenofoni, askari na mwandishi wa Kiyunani wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alikwisha kuandika katika kitabu chake juu ya upandaji kwamba mtu asikae juu ya farasi kama akaliaye kiti, ila awe kama aliyesimama wima na kutanua miguu. Kipimo chepesi ni kujiuliza kama farasi angetoweka ghafla chini ya mpandaji, mpandaji angetua kwa miguu yake au angeanguka kifudifudi. Mwenye magoti yaliyobana na kifua kilichoinama angeanguka.

Mstari huo, hata hivyo, haupaswi kueleweka kuwa ni ugumu wa mlingoti. Mgongo wa farasi hupanda, hushuka na kuyumba kila hatua, na mpandaji aliyejikaza hupigwapigwa juu ya tandiko, jambo ambalo kwa mnyama mwepesi ni sawa na kuchapwa. Mama anayetoka kisimani na beseni la maji kichwani anaonyesha kinachotakiwa: kiuno chake kinacheza na kupokea kila shimo la njia, wakati kichwa na mabega vimetulia hata maji hayamwagiki. Kiuno cha mpandaji kinapaswa kuufuata mgongo wa farasi kwa namna hiyohiyo ili mikono iweze kutulia, maana mikono iliyotulia juu ya kiuno kigumu haipo; mtu akidundadunda, vigwe navyo hudundadunda, na lijamu hugonga ulimi na ufizi mtupu ulio kati ya meno ya mbele na magego.

Miguu ndiyo inayohitaji ujasiri zaidi. Kwa kuogopa kumchochea farasi, wengi huitenga miguu yao mbali na mbavu zake, wakidhani kwamba wanamtuliza. Matokeo yake ni kinyume, kwa sababu mguu unaoning'inia hewani lazima utagusa siku moja, na utakapogusa kwa bahati mbaya, kwenye kona au farasi anapojikwaa, mguso huo utakuwa wa ghafla na atauruka. Njia iliyo salama ni kuiacha miguu ilale juu ya mbavu kwa ulaini, bila kubana na bila kuondoka, mpaka mnyama ajue kwamba kuwapo kwa mguu si amri, na kwamba amri ni badiliko la mguu huo. Haya hayafanyiki kwa siku moja. Yaanzwe katika mwendo wa hatua, ambao ni mwendo wa polepole wa miguu minne ikifuatana, na kila farasi anapoukubali mguu bila kuharakisha, mpandaji apumue nje na kulegeza vigwe kidogo ili ajue kwamba amejibu vema.

Pumzi imetajwa hapa kwa makusudi, wala si pambo la maneno. Mtu aliyeshtuka huzuia pumzi, na pumzi ikizuiwa misuli ya tumbo na mgongo hukakamaa, mapaja hujibana, na farasi huyapokea hayo yote kama habari kwamba kuna hatari. Kutoa pumzi ndefu huku mabega yakishuka huilegeza nyonga bila mpandaji kuilazimisha, na farasi wengi wepesi hupunguza mwendo kwa hilo peke yake. Walimu wazuri huwaagiza wanafunzi waogovu waongee au wahesabu hatua kwa sauti, kwa kuwa anayeongea hawezi kuzuia pumzi.

Baada ya mwili kutulia ndipo mikono inapata kazi yake. Viwiko vikunjwe na vikae karibu na mbavu za mpandaji, na kutoka kiwiko hadi lijamu pawe na mstari ulionyooka. Vigwe visilegee hadi kuning'inia, kwa sababu kigwe kilicholegea kikikazwa ghafla humgutusha mnyama, wala visiwe na mvuto usiokoma, kwa sababu farasi mwenye uzito wa kilo 450 au 500 akipewa kitu cha kuegemea atakiegemea, na katika mashindano ya kuvutana hakuna binadamu atakayemshinda. Kinachotumika ni zuio fupi: kwa muda wa hatua moja mpandaji hurefusha mgongo, hukaza tumbo, huacha kuufuata mwendo kwa kiuno na kufumba vidole juu ya vigwe, kisha mara moja huachilia, hata kama farasi hajapunguza kasi kiasi kilichotakiwa. Akihitaji tena, arudie. Farasi hujifunza katika ile nukta ya kuachiliwa, kwani ndiyo inayomwambia kwamba jibu lake lilikuwa sahihi. Mpandaji anayesahau kuachilia amemnyima mnyama njia pekee ya kujua alichotakiwa kufanya.

Katika mwendo wa matiti, ambamo miguu ya mshazari huenda pamoja, mpandaji ana chombo kingine chenye nguvu kuliko vigwe. Wengi huupanda mwendo huo kwa kuinuka na kukaa, pigo moja juu na pigo moja chini, na farasi mwepesi akiharakisha nao huharakisha kuinuka ili waende naye. Mpandaji akiwa na ustahimilivu wa kuendelea kuinuka kwa mdundo alioutaka yeye, akikawia kidogo juu na kushuka kwa ulaini, mara nyingi farasi huurudia mdundo huo baada ya hatua chache, kwa kuwa mnyama naye hupenda mwili wake na wa mpandaji iende pamoja. Ni jambo la kustaajabisha kwa anayelijaribu mara ya kwanza, na linathibitisha vizuri kuliko maelezo yoyote kwamba mwili hutawala pale ambapo mikono imeshindwa.

Umbo la njia nalo husaidia. Farasi aliyezoea kuharakisha asipelekwe mara kwa mara kwenye mstari mrefu ulionyooka, ambao humwalika akimbie, bali apandwe katika miduara ya mita 20, kisha midogo zaidi, kisha mikubwa tena, na mielekeo ibadilishwe kabla hajaanza kukisia. Zoezi la bega ndani, ambalo Mfaransa François Robichon de la Guérinière alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 1733, humfanya farasi aende mbele huku mabega yake yameingizwa kidogo ndani ya njia, hivyo mguu wa nyuma wa ndani hulazimika kuingia chini ya mwili na kubeba uzito. Na farasi anayebeba uzito nyuma hana urahisi wa kujitupa mbele. Mabadiliko ya mwendo, kutoka hatua kwenda matiti na kurudi, yakifanywa mara nyingi na kwa utulivu, humrudisha asikilize. Kumkimbiza kwa shoti, yaani mbio kamili, ili achoke ndipo atulie, ni dawa ambayo Ksenofoni mwenyewe aliikataa, akieleza kwamba farasi mwenye ari, akishapandishwa hamaki, anaweza kumdhuru mpandaji na kujidhuru mwenyewe kabla ya kuchoka. Aliye na mapafu ya mbio huongezewa mapafu kwa mbio.

Hilo ni kweli hasa kwa farasi waliotoka kwenye mashindano. Nairobi, ambako uwanja wa Ngong ulifunguliwa mwaka 1954, farasi wa mbio anayestaafu mara nyingi huuzwa kuwa farasi wa kupanda, na mnunuzi wake hukuta kwamba kila akivuta, mnyama huongeza kasi. Hakuna uasi hapo. Farasi wa mbio hufundishwa kuliegemea lijamu wakati anapokimbia, naye mwendeshaji wake huinama mbele juu ya vikuku vifupi, vikuku vikiwa ni vile vyuma vya kukanyagia pande mbili za tandiko. Kwa hiyo kwake kuinama na kuvuta ni maelekezo ya kazi aliyoifanya kwa uaminifu tangu akiwa na miaka miwili au mitatu. Mpandaji mpya akikaa wima, akirefusha vikuku na kumpa kigwe kisicho na mvuto wa kudumu, anamwondolea lugha ya zamani, na baada ya hapo anaweza kumfundisha nyingine. Masaisi wanaowatoa farasi hao mazoezini alfajiri wanayajua haya kwa miili yao kuliko wengi wanaoandikwa majina katika programu za mashindano, na ni haki elimu yao iheshimiwe.

Mkao huo haupatikani kwa kusoma. Katika Shule ya Kihispania ya Upandaji huko Vienna wanafunzi hukaa muda mrefu kwenye kamba ndefu ya kuzungushia farasi, bila vigwe wala vikuku, huku mwalimu akimwongoza mnyama kutoka katikati ya duara, na kazi yao pekee ni kukaa. Mwanafunzi wa Lubumbashi au wa Nairobi anaweza kupata faida hiyohiyo kwa nusu saa mara kadhaa kwa wiki, juu ya farasi mtulivu kwanza, akizungusha mabega, akitoa mikono pembeni, akifumba macho ili ahisi ni mguu gani wa nyuma unaoinuka. Farasi mwepesi asifanywe darasa la kwanza la mtu asiyejua kukaa, kwa sababu wote wawili watajifunza hofu.

Hata aliyekwisha kujua kukaa apande na kofia ngumu, viatu vyenye kisigino kisichoruhusu mguu kupenya kwenye kikuku, na mkanda wa ngozi uliofungwa shingoni mwa farasi, ili anapoyumba ashike mkanda huo badala ya kuvuta kinywa. Farasi akitoroka kweli, mpandaji akae nyuma, apumue, avute na kuachilia kwa kupokezana, na kama kuna nafasi amwingize kwenye duara kubwa analolipunguza taratibu. Kumgeuza ghafla kwa kigwe kimoja akiwa katika shoti ni hatari kwa sababu anaweza kuanguka pamoja na aliye juu yake. Njia hiyo hufaa tu mwanzoni, kabla kasi haijajengeka.

Kabla ya kumhukumu mnyama, inampasa pia mwenye farasi achunguze mambo yasiyohusiana na mkao. Jino lenye ncha kali linalokwaruza shavu, tandiko linalobana nyuma ya mabega au mgongo wenye maumivu humfanya farasi akimbie maumivu ambayo anayabeba. Nafaka nyingi kwa farasi asiyefanya kazi nyingi humjaza nguvu zisizo na pa kwenda, ilhali nyasi kavu za kutosha hulishughulisha tumbo na kumtuliza. Katika nchi zetu kuna sababu nyingine: tauni ya farasi ya Afrika, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na visubi wadogo wanaouma zaidi kuanzia magharibi hadi alfajiri, ambao huua sehemu kubwa ya farasi wanaoambukizwa, huwalazimu wafugaji kuwafungia wanyama bandani kabla jua halijazama. Huko Lubumbashi, wakati wa masika, hali hiyo humaanisha saa 12 au zaidi za kusimama kati ya kuta nne, na farasi mwepesi anayetolewa asubuhi kisha akapandwa palepale atakuwa anaidai miguu yake. Dakika 20 za kuongozwa kwa mkono au kuachiwa huru uwanjani kabla ya tandiko kufungwa, kisha dakika 10 za mwendo wa hatua kwa vigwe virefu, huondoa sehemu kubwa ya deni hilo, na somo la mkao linaweza kuanza.